Rejeta mpya, maji yale yale?

Ukishatoka Ruaha Mbuyuni na kuyaacha magunia ya vitunguu kando ya lami, barabara ya kwenda Iringa inaanza kujikunja kuupanda mlima Kitonga, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mbele yako malori yanapanda kwa gia ya kwanza na hakuna pa kuyapita. Hapo ndipo gari langu lilipochemsha Desemba, tukiwa njiani kwenda kula sikukuu. Mshale wa joto, ambao siku zote hukaa katikati kama umepigiliwa msumari, ulianza kupanda nikiwa nyuma ya lori la saruji. Kona mbili baadaye ulikuwa umegusa alama nyekundu. Nilizima kiyoyozi, nikawasha hita mpaka mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini, tukashusha vioo vyote. Nilipopata upenyo wa kuegesha, mvuke ulikuwa ukifoka kwenye kingo za boneti.

Nikashuka na kitambaa mkononi. Utingo wa lori lililokuwa nyuma yangu akapiga kelele kutoka juu ya mzigo: "Mzee, usifungue huo mfuniko!" Nimemshukuru kijana yule mara nyingi kuliko anavyoweza kudhani.

Mfuniko wa rejeta una springi ndani yake, na kazi yake ni kushikilia presha. Juu yake kumeandikwa namba, 0.9 kwa Toyota nyingi za umri wa langu, nyingine 1.1. Presha ikipanda, maji yanachelewa kuchemka. Dar es Salaam, usawa wa bahari, sufuria ya maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu, huchemka kwa 95 hivi. Lakini ndani ya rejeta yenye mfuniko mzima wa 0.9, maji hayo ya Dar yanavumilia hadi kama 118. Ukifungua yakiwa kwenye 110, presha inaondoka kwa mkupuo na yanakurukia usoni yakiwa mvuke na maji ya moto pamoja. Mtu hapaswi kukutana na somo hilo akiwa peke yake mlimani.

Gari lenyewe ni Prado ya injini ya 1KZ, dizeli ya lita 3 yenye taabo. Wenye Prado na Surf za injini hiyo wanaijua hofu iliyonishika: bloku yake ni ya chuma, silinda hedi ni ya alumini, na likichemsha sana hedi hupasuka. Wapo walionunua hedi mpya kwa fedha ambayo ingetosha kumaliza chumba cha nyumba. Kwa hiyo niliporudi Dar, kila niliyemsimulia alinipa ushauri uleule: weka rejeta kubwa, ya alumini tupu, usahau. Nimeiweka, uani kwangu, kwa mikono yangu na ya mwanangu, na sijutii shilingi hata moja. Ila katika kuifungua ile ya zamani nimeona kitu ambacho kinanikera mpaka leo, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Rejeta ile tuliiua wenyewe, kwa maji.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua kama hedi imepona, maana rejeta mpya juu ya hedi iliyopasuka ni fedha iliyotupwa. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nilifungua mfuniko, nikajaza, nikawasha na kutazama. Vipovu vichache vya mwanzo ni hewa iliyobaki. Vikiendelea bila kukoma, au mpira wa juu ukiwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha, huo ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji, na dawa yake haipo duka la rejeta. Kwangu vilikoma. Nikamwagilia mpira wa maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, na katikati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta likatoka tope lililochanganyika na mabawa ya panzi na manyoya. Hilo peke yake lingeweza kuchemsha gari. Kwenye feni ya klachi, hali ilikuwa nzuri: ukizima injini ya moto na kuizungusha kwa mkono, lazima ikupe ukinzani. Ikizunguka kama pia ya mtoto, imekufa.

Kisha nikafungua nyumba ya thamostati. Haikuwamo.

Mwenye gari yeyote hapa kwetu ameshaambiwa kwamba thamostati ni kwa ajili ya nchi za baridi, na kwamba fundi akiitoa maji yatazunguka vizuri zaidi. Langu lilitolewa miaka kadhaa nyuma kwenye gereji moja nami nikiwa nimesimama pale pale, nikaitikia kwa kichwa. Ukweli wa injini hii na Toyota nyingine nyingi ni kwamba thamostati ina kazi mbili. Upande mmoja unafungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yakishapata moto, mara nyingi kwenye nyuzijoto 82, namba ambayo utaikuta imegongwa kwenye bati lake. Upande wa pili, wakati huohuo, unaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja. Barabara ya tambarare hutaona kitu. Kitonga, ukiwa na watu saba na mizigo juu, sehemu ya maji yako inazunguka ndani ya injini yakiwa ya moto vilevile, hayajaiona hewa.

Rejeta yenyewe ilikuwa na tenki la juu la plastiki, jeusi lilipokuwa jipya, sasa kahawia kama chai ya rangi, lenye ufa mwembamba karibu na shingo ya mpira. Nilipoitoa niliinua kwa bisibisi meno ya bati yanayoshikilia tenki, moja moja, nikalibandua. Mwanangu akaingiza mwanga wa simu. Ile mirija bapa, ambayo maji yanapaswa kushuka ndani yake, mingi ilikuwa na midomo iliyoota gamba la rangi ya njano iliyoiva, gumu, kama lile la ndani ya birika la mama lishe. Nilijaribu kupitisha uzi wa breki ya baiskeli. Kati ya mirija kumi ya kwanza ulipita minne. Maji ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi. Tunayapikia kwa shida na nguo nyeupe zinageuka. Ndiyo niliyokuwa nikijazia kila wiki, kwa dumu la lita 5, nikijiona mwenye gari mwangalifu.

Kuhusu alumini nataka nieleweke. Kwa kupitisha joto, shaba inaishinda alumini kwa mbali: kwa kipimo cha wahandisi shaba ina karibu 400, alumini haifiki 240. Wazee waliozoea rejeta za shaba hawakukosea. Alumini inashinda kwa njia nyingine. Ni nyepesi na imara, kwa hiyo mirija yake inaweza kufanywa mipana zaidi na kugusa vile vibati vyembamba vya kupoza kwa eneo kubwa, na viunganishi vyake havina lehemu ya risasi inayozuia joto njiani. Siri ya rejeta tangu mwanzo ni eneo linalogusana na hewa. Wilhelm Maybach, alipolitengenezea gari la Mercedes 35 PS rejeta ya mfano wa sega la nyuki mwaka 1900, alipanga vijirija 8,070 vya mraba wa milimita 6, na gari likatosheka na lita 9 za maji.

Hasara ipo pia, na muuzaji hatakutajia. Rejeta ya shaba ikitoboka porini, fundi wa kandokando ya barabara anawasha tochi yake ya gesi, anaweka lehemu, unaondoka. Ya alumini tupu inataka mashine ya kuchomelea ya agoni na mtu anayeijua. Na juu ya yote, alumini haielewani na maji ya chumvi. Ukiipa maji ya kisima inaliwa kutoka ndani, kimyakimya, mpaka siku utakayoona tone la kwanza. Mtu anayenunua rejeta ya bei kubwa kisha akarudi kwenye dumu lake la zamani, amenunua muda mfupi tu.

Kazi yenyewe tuliifanya Jumamosi chini ya mwembe. Ni ya spana namba 10 na 12, koleo, na subira. Chini ya rejeta kuna kizibo cha plastiki cha kumwagia maji. Tulikinga beseni na tukafunga kuku na mbuzi wa jirani mbali. Kulanti ina utamu kwenye ulimi na ni sumu, mnyama hunywa kwa hamu, na mtoto pia. Haimwagwi uani, na haimwagwi karibu na kisima.

Mahali pa kutulia ni mirija miwili midogo ya chini. Gari la gia otomatiki hupitisha oili yake nyekundu ndani ya tenki la chini la rejeta ili ipoe, oili na maji yakitenganishwa na ukuta mwembamba wa chuma. Ukuta huo ukitoboka, maji yanaingia kwenye gia boksi na oili inageuka kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, na hapo gia boksi imeshapata ugonjwa. Hii ni sababu moja tosha ya kubadilisha rejeta iliyochoka kabla haijakata tamaa. Tulifunga mirija kwa vijiti vya mbao nilivyochonga na kuvifunika nailoni, mmoja nikaufunga uzi mwekundu nisije nikaibadilisha. Mwisho wa kazi tulipima oili ya gia kwa kijiti na kuongeza iliyomwagika.

Maelezo ya dukani yalisema rejeta mpya inakaa bila kubadilisha chochote. Haikukaa. Ilikuwa nene karibu mara mbili ya ile ya zamani, na ganda la plastiki linalozunguka feni lilisogea nyuma mpaka bawa moja la feni likawa linakwaruza. Kuna watu hulitoa ganda hilo na kulitupa. Msilitupe. Bila ganda, feni inavuta hewa kutoka pembeni, ile iliyokwisha kupata moto wa injini, badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta. Mwanangu alichukua tupa akatanua matundu mawili ya skrubu kwenye rejeta, kidogo kidogo, akipuliza vumbi la alumini na kupima tena, kwa zaidi ya saa moja. Alipomaliza, ganda lilishuka milimita chache, na nikazungusha feni kwa mkono mizunguko mitatu nikiwa nimeinamisha sikio. Kimya. Furaha niliyoiona usoni mwake pale nisingeipata gereji.

Thamostati mpya tukairudisha, kile kitundu chake kidogo cha kupitisha hewa kikitazama juu. Mipira yote mipya, na mfuniko mpya, ambao ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho watu hukisahau. Ndani tukaweka kulanti nusu na maji yaliyochujwa chumvi nusu. Hapa muwe macho dukani: ukiomba "maji ya betri" unaweza kupewa chupa ya tindikali. Soma lebo, uliza mara mbili.

Kujaza kuna uvumilivu wake. Tulilipandisha gari pua juu kwenye mteremko wa geti, tukawasha hita kwenye moto, tukajaza polepole na kubinya mpira wa juu kama mtu anayekamua ng'ombe, hewa ikitoka kwa kwikwi. Thamostati ilipofunguka, maji yalishuka mara moja na mpira wa chini ukaanza kupata joto. Nikaongeza, nikafunga. Asubuhi yake tenki la akiba lilikuwa limeshuka kidogo, nikajaza mpaka kwenye mstari, na tangu hapo halijashuka.

Pasaka tulipanda tena. Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa lile lile, malori yale yale. Mshale haukutikisika hata nyuma ya lori la mafuta lililotupeleka mwendo wa miguu kona baada ya kona. Juu, kabla ya Ilula, nilisimama makusudi, nikafungua boneti kutazama tu. Kijana mwenye madumu mawili ya maji alikuja mbio.

"Maji, mzee?"

Nilimwonyesha tenki la akiba: waridi, limesimama kwenye mstari. Akainama, akalitazama kwa muda, akagusa bati la alumini kwa ncha ya kidole na kukitoa haraka.

"Hii haitaki?"

"Haitaki."

Akayanyanyua madumu yake, akaelekea kwenye Noah iliyokuwa inafoka mvuke nyuma yetu, mwenye gari ameshika kitambaa. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote asiufungue mfuniko.