Chagua Kiatu kwa Ajili ya Kushuka

Ukija kibandani kwangu Mkolani na baiskeli ya milimani, kabla sijagusa breki wala cheni nitaangalia miguu yako. Wengi hushangaa. Wameleta gia inayoruka, mimi nawauliza viatu walivyovaa wamevitoa wapi. Ndivyo kazi ilivyonifundisha. Wanaofika wakichechemea, ugoko umechanika au kifundo kimeteguka, mara nyingi baiskeli zao hazina kosa. Mguu uliteleza.

Na huku kwetu si pa kuteleza. Mwanza haikuitwa Jiji la Miamba bure. Ukiacha barabara ya Shinyanga na kupanda vilima vya Mkolani, njia inapenya katikati ya mawe ya matale. Kiangazi mawe hayo hutoa chenga, na chenga zikitanda juu ya mwamba ni kama kukanyaga mahindi yaliyoanikwa. Masika yakiingia, kule mabondeni udongo mweusi wa mbuga unanata kwenye kila kitu.

Ndiyo maana mwendesha baiskeli wa huku hushuka mara kwa mara. Anashuka penye mwamba, anasukuma, anapanda tena. Kwenye kona anashusha mguu mmoja. Akikutana na mama mwenye ndoo kichwani kwenye njia ya mtu mmoja, anasimama ampishe. Ushauri wangu wote unaanzia hapo: chagua kiatu kwa ajili ya kushuka, kisha kitafutie pedeli inayopatana nacho.

Tuanze na pedeli

Baiskeli zetu za zamani, Phoenix na wenzake, zina pedeli za vipande viwili vya mpira. Kwa mtu aliyekaa wima kwenye tambarare zinatosha kabisa, hata akiwa na kandambili. Waendesha daladala za baiskeli wa Mwanza na Shinyanga wamesafirisha abiria kwa pedeli hizo miaka nenda rudi. Shida huanza kwenye mteremko wenye mawe, ambako baiskeli inarukaruka na mpira uliolowa hauna cha kumshikia mtu.

Baiskeli nyingi za milimani za bei nafuu huja na pedeli za plastiki zenye meno ya plastiki hiyo hiyo. Meno yakisagika, unabaki unakanyaga sahani. Unachotaka ni pedeli bapa ya alumini, pana, yenye pini za skrubu juu na chini. Pini hizo huzama kidogo kwenye mpira wa soli na kuuzuia usihame. Ikikatika moja, unaifungua na kuweka nyingine.

Kabla hujalipa, zungusha ekseli kwa vidole. Izunguke laini bila kukwaruza, na ukiitikisa isicheze. Weka mguu juu yake: sehemu pana ya unyayo ienee, ukingo wa kiatu usining'inie nje. Ujue pia kwamba pini zikiikosa soli huutafuta ugoko. Kinga za ugoko za wacheza mpira zinasaidia sana, na atakayekucheka ni yule ambaye hajachanika bado.

Soli ndiyo kiatu

Kijana mmoja wa chuo aliniletea raba za kukimbilia, nene, nyepesi, zinang'aa. "Fundi, hizi orijino," akaniambia. Nikamwambia, "Orijino kweli, dogo, lakini ni za kukimbilia." Nikamsimamisha juu ya pedeli, baiskeli nimeishika mwenyewe, kisha nikamwomba ainame atazame pembeni mwa kiatu. Soli ilikuwa imejikunja kuizunguka pedeli, mbele imelala na kisigino kimening'inia. Sponji iliyo laini kwa mkimbiaji humchosha mwendesha baiskeli, kwa sababu unyayo ndio unaolazimika kukaza pale soli inapolegea.

Viatu vizuri si lazima viwe na jina la baiskeli. Nenda Mlango Mmoja, penye mitumba, utafute viatu vya soli bapa kama vile wanavyovaa wachezaji wa ubao wa magurudumu. Vijaribu hivi. Kwanza, kunja kiatu kwa mikono miwili: kikubali kujikunja penye vidole, kigome katikati. Pili, bonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukiacha alama inayofutika polepole, mpira huo utashika. Ukihisi unabonyeza plastiki, kirudishe. Tatu, tazama mikato ya chini. Iwe mifupi na iliyokaribiana, ili pini zipate pa kuingia.

Buti za kupandia mlima zina meno marefu yanayokalia juu ya pini, basi mguu unayumba. Njumu usithubutu. Katambuga, kwa haki yake, hushika vizuri kwa kuwa chini ni tairi, ila vidole viko nje, na mawe ya Mkolani hayajui huruma. Chagua kiatu kinachofunika vidole vyote, chenye ncha ngumu kidogo. Kamba zake uzichomeke ndani, hasa za mguu wa kulia uliko mnyororo.

Mpira wa kushika mwamba una historia yake. Mwaka 1985 Mmarekani Charles Cole alianzisha kampuni ya Five Ten kwa ajili ya watu wanaopanda miamba kwa mikono na miguu. Baadaye soli zao zilihamia kwa waendesha baiskeli wa milimani, ambao nao walitaka kitu hicho hicho, mguu ukae pale ulipowekwa. Sisi tunaoishi juu ya miamba hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Vipi kuhusu klipu?

Swali hili huulizwa na kila aliyetazama mashindano kwenye simu. Pedeli za klipu hukamata kipande kilichofungwa chini ya kiatu, na ili utoke unapeleka kisigino nje. Za barabarani zilipata jina baada ya Bernard Hinault kushinda Tour de France ya 1985 akitumia za Look. Mwaka 1990 Shimano walitoa SPD kwa baiskeli za milimani: chuma kidogo cha skrubu mbili, kinachojificha ndani ya soli ili mtu aweze kutembea.

Ni kifaa kizuri kwa anayekwenda mbali bila kusimama, mathalani kutoka Mkolani kupitia Buhongwa na Usagara hadi Kigongo. Mguu hauruki kutoka kwenye pedeli baiskeli ikipita kwenye matuta. Lakini kwenye njia za mawe utashuka mara nyingi kuliko unavyodhani, na chuma juu ya matale huteleza. Tope la mbuga nalo likijaa kwenye klipu, kuingia ni kazi. Ukizitaka, legeza springi zake hadi mwisho na ujizoeze kutoka ukiwa umeegemea ukuta.

Wala usidhani pedeli bapa ni za wanaojifunza. Mwaustralia Sam Hill alitwaa ubingwa wa dunia wa kuteremka mlima mwaka 2006, 2007 na 2010 akiwa juu ya pedeli bapa. Siri kubwa ni namna ya kusimama: kwenye mteremko shusha visigino, uzito wako uzame kwenye pedeli badala ya kupita juu yake.

Kufunga bila kuharibu

Pedeli ya kulia hukazwa kama skrubu ya kawaida, ya kushoto kinyume chake. Usikariri kulia na kushoto. Simamisha spana namba 15 wima juu ya ekseli: kukaza ni kuivuta kuelekea gurudumu la mbele, kulegeza ni kuelekea la nyuma, pande zote mbili. Paka grisi kwenye nyuzi, anza kwa vidole, na ikigoma usilazimishe. Nyuzi za kreki zikiliwa, utanunua kreki.

Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, anza na pedeli, maana hata soli bora itateleza juu ya plastiki iliyosagika. Kiatu kitafuata. Na siku ya kufunga pedeli hizo, njoo kwa fundi umevaa viatu utakavyoendeshea.