Doc: Ndege ya vita iliyorudi nyumbani baada ya miaka 55

Na Mwandishi Wetu

JUMAPILI ya Julai 17, 2016, katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, ndege kubwa ya kivita yenye injini nne iliacha ardhi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 60. Haikukaa angani muda mrefu. Taa ya tahadhari ya injini iliwaka na marubani wakaishusha baada ya dakika chache tu. Lakini kwa mafundi waliokuwa wameisubiri siku hiyo tangu mwaka 2000, dakika hizo zilitosha.

Ndege hiyo ni ya aina ya B-29 na jina lake la utani ni Doc. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya Marekani vilitengeneza karibu ndege 4,000 za aina hiyo. Leo zilizobaki na uwezo wa kuruka ni mbili tu duniani: Doc, na mwenzake aitwaye Fifi, ambaye ni mali ya chama cha wapenzi wa ndege za zamani cha huko Texas. Zote mbili huzunguka miji ya Marekani katika maonyesho ya ndege, ambako watu hulipa kiingilio kuzitazama na wengine hulipa zaidi ili wapande.

Msomaji anaweza kuuliza: mambo ya ndege kuukuu ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi wa huku mpakani? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hii ni habari ya kurudi, na kurudi ni jambo tunalolifahamu. Ya pili ni kwamba mzigo mzito kuliko yote uliowahi kubebwa na ndege za aina hii ulitoka katika udongo wa jirani yetu, Kongo.

Kutupwa jangwani

Doc ilitoka kiwandani hapohapo Wichita mwezi Machi 1945. Kiwanda hicho cha kampuni ya Boeing kilitoa ndege 1,644 za aina ya B-29, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wake walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa vitani. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine ndege hiyo ina mita 43. Ilibeba watu 11, nao walikaa katika vyumba vilivyojazwa hewa ili waweze kupumua juu sana angani, jambo ambalo lilikuwa geni kwa ndege za mabomu za wakati ule.

Doc haikupigana vita. Mwaka 1951 ilipelekwa New York kusaidia kupima usahihi wa mitambo ya rada, katika kikosi ambacho ndege zake zilipewa majina ya wale mbilikimo saba wa hadithi ya watoto. Ndipo ilipopata jina la Doc. Baadaye ikafanywa ndege ya kuvuta shabaha. Hatimaye mwaka 1956 ilipelekwa China Lake, katika jangwa la Mojave, California, ili yenyewe iwe shabaha ya wanajeshi wa majini waliokuwa wakijifunza kulenga mabomu.

Ilikaa huko miaka 42. Wenzake wengi walilipuliwa au kukatwakatwa, yenyewe ikaponea chupuchupu. Hewa kavu ya jangwa iliisaidia pia, kwani bati la aluminiamu huliwa haraka zaidi penye unyevu na chumvi.

Miaka 12 ya kutafuta kibali

Mwaka 1987 mtu mmoja aitwaye Tony Mazzolini aliikuta ndege hiyo jangwani na kuazimia kuirudisha angani. Alidhani, kama mfanyabiashara yeyote angedhani, kwamba kazi ni kuzungumza bei. Haikuwa hivyo. Serikali haikukubali kuuza. Aliambiwa kwamba akiitaka B-29, kwanza atafute ndege ya aina nyingine, B-25, aikarabati na kuikabidhi kwa makumbusho ya wanamaji kule Pensacola, Florida. Kwa maneno mengine ilikuwa biashara ya mali kwa mali.

Shughuli hiyo pamoja na barua za kwenda na kurudi ilichukua takriban miaka 12. Wale kati yetu waliowahi kusimama na mabegi mbele ya dirisha la ofisi ya mpakani, wakiulizwa karatasi ambayo ofisi ya nyuma haikuitoa, hawatashangaa. Hata chuma kikitaka kurudi kwao huombwa hati.

Mwaka 2000 Doc ilifunguliwa vipande, ikapakiwa juu ya matrela na kusafirishwa kwa barabara mpaka Wichita. Ilikuwa imepita miaka 55 tangu iondoke.

Mikono ya wazee

Kilichofika Wichita kilikuwa gamba. Nyaya, vioo, mabomba na vifaa vya rubani vilikuwa vimeharibika au havipo. Walioanza kuishughulikia walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu wa viwanda vya ndege vya mji huo. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja ambaye akiwa binti, wakati wa vita, alipiga ribiti kwenye pua za ndege hizohizo.

Kupiga ribiti ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa nje na bunduki ya upepo, mwingine hukaa ndani ameshika kipande cha chuma kizito nyuma ya bati. Wa nje akigonga, kichwa cha ndani cha ribiti hutandazwa na kile chuma. Wasipoelewana kwa sekunde moja, bati hubonyea na kipande chote hutupwa. Ndege moja ya namna hii ina ribiti mamia kwa maelfu. Tena si bati tu: usukani wake wa mkiani na vile vibawa vidogo vya kugeuzia vimefunikwa kitambaa, kinachotakiwa kushonwa, kuvutwa na kupakwa dawa maalumu.

Inakadiriwa kwamba saa za kujitolea zilizotumika ni zaidi ya 300,000. Ukichukua fundi mmoja, akafanya kazi saa nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka, angehitaji miaka 125 kuimaliza peke yake.

Ugumu mkubwa ulikuwa ujuzi. Michoro ya kiwanda husema kipande kikae wapi, lakini haisemi mkono uende vipi. Hilo walilijua wazee, na wazee walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Kila mwaka uliopotea kwa kukosa fedha ulikuwa pia mwaka wa kupoteza mwalimu.

Injini zenye sifa mbaya

Sehemu iliyoogopwa zaidi ni injini. Kila moja ina silinda 18 na nguvu za farasi 2,200. Wakati wa vita zilikuwa na sifa ya kuchemka na kushika moto. Februari 18, 1943, ndege ya majaribio ya aina hii iliwaka moto angani huko Seattle na kuangukia kiwanda cha nyama. Rubani mashuhuri Eddie Allen na wote waliokuwa naye walikufa, pamoja na watu waliokuwa chini.

Fifi yenyewe ilisimamishwa mwaka 2006 kwa sababu ya injini, ikarudi angani mwaka 2010. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuchukua matoleo mawili ya baadaye ya injini ileile, yaliyorekebishwa baada ya vita, na kuunganisha sehemu zake ziwe injini moja. Doc nayo ilifungwa injini za namna hiyo. Fundi wa magari wa mpakani anayeoanisha injini ya gari moja na gia boksi ya jingine ataelewa mara moja. Tofauti ni kwamba gari likizima husukumwa pembeni ya barabara.

Nani analipa?

Kwa miaka mingi kazi ilisuasua kwa kukosa fedha. Mwaka 2013 liliundwa shirika jipya chini ya Jeff Turner, aliyewahi kuongoza kampuni kubwa ya kutengeneza sehemu za ndege hapo Wichita. Makampuni yakachangia, na mwaka 2015 wananchi waliombwa michango kwa njia ya intaneti, zikapatikana zaidi ya dola 150,000. Mei 2016 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa cheti cha kuiruhusu iruke.

Kuruka kwenyewe ni gharama nyingine. Ndege hii hunywa zaidi ya lita elfu moja za mafuta kila saa, na vipuri vyake havipo dukani; hutengenezwa upya au hutolewa katika ndege nyingine iliyokufa. Ndiyo maana wenye ndege hizi huuza tiketi za kupanda kwa muda mfupi kwa mamia ya dola, chini ya ruhusa maalumu ya FAA. Yaani ndege hujitafutia posho yake yenyewe.

Lakini palipo na tiketi kuna abiria, na palipo na abiria kosa la fundi lina bei nyingine. Oktoba 2, 2019, ndege ya mabomu ya aina ya B-17, iitwayo Nine-O-Nine, ilianguka katika uwanja wa Bradley, Connecticut, ikiwa na watu 13. Saba walikufa. Wachunguzi walisema rubani hakuimudu ndege ipasavyo baada ya kuzima injini moja, na kwamba injini hazikuwa zimetunzwa vizuri. Rubani huyohuyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa matengenezo, kwa hiyo hapakuwa na jicho la pili. Novemba 12, 2022, katika maonyesho ya Dallas, ndege mbili za enzi hizo ziligongana mbele ya watazamaji na watu sita wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba marubani hawakuwa wamewekewa mpango wa kutosha wa kutenganisha ndege zao kabla ya kuruka.

Haraka nayo ina adhabu yake. Huko Greenland kulikuwa na B-29 nyingine, Kee Bird, iliyotua juu ya barafu Februari 1947 na kuachwa. Mwaka 1994 na 1995 kikundi cha mafundi kilikwenda kuifufua palepale kwenye baridi. Fundi wao mmoja, Rick Kriege, aliugua katika kazi hiyo na kufariki. Mei 1995 injini zote nne zikawaka, ndege ikaanza kutembea kuelekea sehemu ya kurukia. Tangi dogo la mafuta la jenereta lililokuwa nyuma likavuja, moto ukashika, na ndege ikaungua ikiwa bado ardhini.

Mzigo kutoka Katanga

Ndege hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya kushangiliwa. Usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, mamia ya B-29 zilimwaga mabomu ya moto juu ya Tokyo, na inakadiriwa watu wapatao 100,000 walikufa. Agosti 6 mwaka huohuo, B-29 iitwayo Enola Gay ilidondosha bomu la atomiki Hiroshima. Mpaka mwisho wa mwaka waliokufa walikadiriwa kufika 140,000.

Sisi tuliosomea ukimbizini tulikariri tarehe hiyo kwa ajili ya mtihani. Ambalo hatukufundishwa ni kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Ilichimbwa na vibarua wa Kiafrika chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mkuu wake, Edgar Sengier, alikwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mwaka 1940, kabla hata Marekani haijaingia vitani. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Lubumbashi na Kolwezi hupita Likasi bila kujua. Mgodi huo ulifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004, ingawa wachimbaji wadogo waliendelea kuujia.

Maneno ya kuandikwa pembeni

Wamarekani wenyewe wamewahi kugombana juu ya namna ya kuonyesha ndege hizi. Oktoba 1976, katika maonyesho ya Harlingen, Texas, Paul Tibbets, rubani yuleyule wa Hiroshima, aliirusha Fifi huku chini pakilipuliwa baruti ili kuigiza wingu la bomu. Wajapani walikasirika, na serikali ya Marekani ikaomba radhi. Mwaka 1995 makumbusho ya taifa ya Smithsonian yalitaka kuonyesha sehemu ya Enola Gay pamoja na maelezo ya yaliyowapata watu wa chini. Wapiganaji wa zamani walipinga, maelezo yakapunguzwa. Enola Gay sasa iko nzima, imeng'arishwa, katika jengo la makumbusho karibu na Washington tangu mwaka 2003. Haitaruka tena.

Huku kwetu wapo watu wazima ambao wakisikia mlio wa ndege inayopita chini huangalia kwanza mahali pa kujificha. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini ndege ya mabomu ishangiliwe. Jibu la haki ni kwamba mafundi wa Wichita hawakukarabati mauaji. Waliokoa ujuzi wa mikono uliokuwa ukienda kaburini, na walijenga upya kitu kinachoweza kuonwa na kuulizwa maswali. Ndege iliyokatwakatwa na kuyeyushwa kuwa sufuria haiulizwi chochote.

Lakini maswali yenyewe hayataulizwa na bati. Lazima yaulizwe na watu, na maelezo yanayosomwa pembeni ya ndege hizo hayana budi kuwa kamili kama ukarabati wake: wanawake waliopiga ribiti, marubani walioungua, watu wa Tokyo na Hiroshima, na vibarua wa Shinkolobwe. Hao wa mwisho hawana ndege ya kuwakumbuka. Wanachohitaji kutoka kwetu hakigharimu saa 300,000. Ni kwamba siku mwalimu anapoandika Hiroshima ubaoni, aandike na Likasi pembeni yake, kisha awaache wanafunzi wapime umbali wenyewe kwenye ramani.