Mkono Uliovimba Wakati wa Kipupwe: Kumvika Ndugu Yetu Nguo Inayomwenea



Sisi tunaoishi Nyanda za Juu Kusini twajua vema baridi ya mwezi Juni hadi Agosti. Huko Njombe na Makete waamini huja katika Misa ya kwanza wakiwa wamejitanda mablanketi, na katika uwanda wa Kitulo umande huweza kuganda na kuwa barafu. Kwa walio wengi miongoni mwetu, kinga ya baridi ni sweta na koti. Lakini wapo mama na dada zetu ambao sweta hiyo hiyo huwatesa: mkono mmoja huingia bila shida, wa pili hukwama kwenye kiwiko. Hao ni wale wanaoishi na uvimbe wa limfu mkononi, hasa baada ya kutibiwa saratani ya titi. Wengine waliofuata matibabu katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika joto la Dar es Salaam, hurudi nyumbani na kukuta baridi ikiwasubiri. Mmoja wao asipoonekana kanisani wala katika Jumuiya Ndogo Ndogo, tusiharakishe kusema kwamba amepoa katika imani. Huenda hana cha kuvaa.

Uvimbe huu ni nini?

Pamoja na mishipa ya damu, Mwenyezi Mungu ameujalia mwili wa binadamu mishipa mingine myembamba, inayokusanya majimaji yaitwayo limfu na kuyarudisha katika damu. Majimaji hayo hupita katika tezi ndogo, na nyingi za tezi zinazohudumia mkono ziko kwapani. Katika kutibu saratani ya titi, daktari huweza kulazimika kuondoa baadhi ya tezi hizo au kuagiza mionzi katika eneo hilo. Njia ya majimaji ikipungua, hayo hujikusanya, na mkono huvimba.

Uvimbe huweza kuanza miezi kadhaa baada ya matibabu, au hata miaka. Mwanzoni mgonjwa huhisi mkono mzito na ngozi iliyokaza; pete au saa aliyoizoea huanza kubana. Hali hii haiambukizi, haitokani na kurogwa, wala si adhabu ya dhambi. Injili ya Yohane, sura ya 9, yaonesha jinsi Bwana alivyokataa fikra ya namna hiyo mbele ya yule aliyezaliwa kipofu. Mara nyingi uvimbe huu hauponi kabisa, lakini waweza kudhibitiwa. Kila uvimbe mpya uchunguzwe na daktari, kwa maana si kila mkono unaovimba una sababu hii.

Kwa nini nguo ni jambo kubwa?

Nguo inayobana sehemu moja tu hufanya kazi ya kamba iliyofungwa katikati ya mfereji. Lastiki ya kifundo, mshono mgumu wa kwapani, na kamba nyembamba ya nguo ya ndani au ya mkoba begani, vyote huweza kuzuia majimaji yasipite. Jambo hili lisichanganywe na soksi maalumu ya mkono anayopimiwa mgonjwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Soksi hiyo hukaza kwa kipimo, zaidi upande wa kiganja na kidogo zaidi kadiri inavyopanda, ili kuyasukuma majimaji juu. Aliyeagizwa kuivaa aendelee kuivaa ndani ya nguo zake za baridi kama alivyoelekezwa.

Asiye na nguo inayomfaa hukimbilia moto wa jikoni au chupa ya maji ya moto. Hapo pana hatari. Joto kali huweza kuongeza uvimbe, na kwa kuwa baada ya upasuaji baadhi ya wagonjwa hupungukiwa na hisia mkononi, huweza kuungua bila kutambua. Jeraha dogo hufungua mlango kwa vijidudu. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, au homa ikipanda, mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Namna ya kuchagua na kushona

Kwanza, nguo kadhaa nyepesi ni bora kuliko koti moja zito linaloelemea bega. Inayogusa ngozi iwe ya pamba laini, kwa mfano fulana pana ya mikono mirefu. Sweta ya sufu ije juu yake, kwa sababu sufu huwasha, na kujikuna huchubua ngozi. Baridi hukausha ngozi pia, hivyo ipakwe mafuta laini kila siku.

Pili, sweta ya vifungo mbele ni rahisi kuliko ile inayovaliwa kwa kupitisha kichwani. Mkono uliovimba utangulie kuvaliwa, na uwe wa mwisho kuvuliwa. Katika soko la mitumba, tuangalie upana wa mkono kabla ya kuangalia rangi. Mara nyingi sweta ya kiume ya saizi kubwa hufaa.

Tatu, fundi cherehani ni msaada mkubwa. Apime mikono yote miwili, kwenye kifundo, kiwiko na juu ya kiwiko, na ikiwezekana apime jioni, maana kwa wengi uvimbe huongezeka kadiri siku inavyokwenda. Aondoe lastiki, afumue mshono wa mkono na kuongeza kipande cha kitambaa kinachovutika. Mafundi wa kanzu wanakijua kikwapa, kile kipande kinachotiwa chini ya kwapa ili mkono uinuke bila kubanwa. Kikwapa hicho hicho chafaa kwa gauni na koti.

Nne, lipo vazi lisilo na mikono kabisa. Kasula anayovaa padre katika Misa ilitokana na joho la Warumi wa kale, lililovaliwa kujikinga na baridi na mvua. Blanketi jepesi lililokatwa tundu la shingo na kupindwa kingo zake hutoa vazi la namna hiyo: lina joto, halibani popote, na mtu hulivaa bila kuomba msaada.

Wajibu wetu katika parokia

Kumvika asiye na nguo ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili. Hata hivyo, tukimpa mama huyu sweta isiyoingia mkononi, bado hatujamvika. Tumuulize kwanza ni nini kinachomwenea.

Twawaomba kwa namna ya pekee viongozi wa WAWATA na wa kwaya: sare ya kitenge yenye mikono ya kubana isiwe kizuizi. Mwenye mkono uliovimba ashonewe kitenge kile kile kwa mkono mpana, au ajitande kama mtandio, wala asitozwe faini wala kupangwa mstari wa nyuma. Wanajumuiya wamsaidie kubeba ndoo na kuni. Asiachwe kubeba mizigo mizito kwa mkono huo.

Katika Injili ya Marko, sura ya 3, Bwana alimkuta katika sinagogi mtu mwenye mkono uliopooza. Alimwita asimame katikati ya watu wote, kisha akamwamuru aunyoshe mkono wake. Wapo katika parokia zetu wanaouficha mkono wao chini ya khanga kwa kuogopa macho yetu. Tuwafanyie nafasi katikati yetu, wakiwa wamevaa nguo yenye joto isiyowaumiza, ili nao waweze kuinyosha mikono yao na kumpokea Bwana katika Ekaristi.

Mtakatifu Agatha, bikira na mfiadini, mwombezi wa wanaougua matiti, ambaye Kanisa humkumbuka kila tarehe 5 Februari, awaombee wagonjwa wetu wote.