Sungura na fisi wanaweza kuokoa gunia la mahindi Mpitimbi

Na Mwandishi Wetu

IFIKAPO Julai, wakulima wengi wa Mpitimbi, wilayani Songea mkoani Ruvuma, huwa wamekwishavuna mahindi au wanamalizia. Ghala limejaa, lakini mfukoni hakuna kitu.

Sare za shule zinadaiwa, deni la mbolea linadaiwa, na mgonjwa hasubiri bei ipande. Mkulima anapakia magunia na kuyauza wakati ule ule ambao kila jirani yake naye anauza. Mlanguzi anajua hivyo, na bei anaipanga yeye. Miezi sita baadaye, njaa ikianza kubisha hodi, bei hupanda na aliyeuza mapema hujikuta akinunua unga kwa bei kubwa kuliko aliyouzia mahindi yake.

Swali basi ni hili: mkulima atapata wapi shilingi za kumvusha Julai hadi Oktoba bila kugusa ghala?

Jibu moja linachomwa moto kila mwaka pembezoni mwa uwanja wa kupukuchulia. Nalo ni maganda ya mahindi, yakiunganishwa na kitu kingine ambacho kila nyumba inacho bure: hadithi.

Hadithi ndiyo inayouza

Kazi za mikono si jambo geni Ruvuma. Nyungo, mikeka, vikapu, vinu na vyungu vimetengenezwa tangu enzi za mababu. Tatizo ni kwamba ungo unashindana na sinia la plastiki, na kikapu kinashindana na mfuko wa dukani. Mnunuzi analinganisha bei, na plastiki inashinda.

Lakini mwanasesere wa maganda ya mahindi mwenye masikio marefu, ambaye mtoto akimwona anapiga kelele "sungura!", hashindani na sinia. Mnunuzi hanunui ganda. Ananunua sungura anayemjua tangu alipokuwa akisimuliwa hadithi na bibi yake, na tangu alipomkuta tena katika kitabu cha kusomea darasani.

Wafanyabiashara wa kanga wanalijua jambo hili zamani. Kanga mbili zaweza kuwa za kitambaa kile kile na rangi zile zile, lakini mama akachagua moja na kuiacha nyingine kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa. Maneno hayo hutoka katika methali, katika mafumbo na katika nyimbo za taarab zinazovuma. Kitambaa ni kile kile, ila jina ndilo linalokitoa dukani.

Mtu wa Ruvuma aliyeanza na rangi ya baiskeli

Anayedhani haya ni ndoto amkumbuke Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, mkoa huu huu wa Ruvuma. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaishia Dar es Salaam akifanya vibarua.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya mbao laini za dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Alichora wanyama, ndege na maisha ya kijijini, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, walikokuwa wakipita wageni.

Tingatinga alifariki mwaka 1972, yaani alichora kwa takriban miaka minne tu. Hata hivyo wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake duniani kote. Mwaka 2010 ilitoka hata katuni ya televisheni ya watoto, iliyotengenezwa Nairobi kwa ajili ya kampuni za nje, ikitumia mtindo wa michoro hiyo na hadithi za Kiafrika za aina ya kwa nini tembo ana mkonga.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kwamba mali ghafi ya bei rahisi haizuii kitu kupendwa. La pili ni chungu kidogo: mchoro ukipendwa, wengi huuiga. Ukizunguka maduka ya vinyago ya Dar es Salaam, Zanzibar na Arusha utakuta tembo yule yule na twiga yule yule ukutani, na wauzaji wanaangushana bei. Anayepona ni yule mwenye mkono wake na hadithi yake.

Namna ya kutengeneza

Kazi hii haihitaji mashine. Mahitaji ni maganda makavu ya mahindi, uzi imara, mkasi, beseni la maji, gundi na mabaki ya vitenge ambayo fundi cherehani huyatupa.

Chagua maganda ya ndani, yale laini na meupe. Yenye madoa meusi au harufu ya ukungu yatupe, kwani ukungu huo hausafishiki na utaharibu kazi nzima. Yaloweke katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hivi hadi yalegee.

Panga maganda manne au sita pamoja, uyafunge kwa uzi karibu na ncha nyembamba. Kisha yageuze, uyakunje kurudi chini yafunike fundo ulilofunga. Hapo umepata kichwa. Funga tena chini yake, nayo ni shingo. Viringisha ganda moja jembamba, lifunge ncha zote mbili na ulipitishe chini ya shingo kuwa mikono. Funga kiuno. Ukiacha maganda ya chini yatawanyike, ni gauni. Ukiyagawa mara mbili na kuyafunga, ni miguu.

Kwa sungura, chomeka vipande viwili vilivyosokotwa juu ya kichwa kabla hujakaza fundo la shingo. Fisi anahitaji kiunzi cha waya laini wa kufungia nondo, kisha unakizungushia maganda. Angalia jambo moja: miguu ya mbele ya fisi iwe mirefu kuliko ya nyuma, mgongo uteremke. Ukikosea hapo, mnunuzi ataona mbwa.

Anika kivulini kwa siku mbili au tatu, mahali penye upepo. Jua kali hukunja maganda na kuyafanya yakatike. Madoa yachore kwa masizi ya mkaa yaliyochanganywa na gundi. Usitumie rangi ya mafuta ya kupakia milango kwenye kitu cha mtoto, kwa kuwa baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mtoto hutia kila kitu mdomoni. Kwa sababu hiyo hiyo usibandike shanga wala vifungo kuwa macho. Chora kwa kalamu.

Si lazima kuishia kwa sungura. Wangoni wana ngoma yao ya Lizombe, na hata timu ya Majimaji ya Songea hujulikana kwa jina la Wanalizombe. Kundi la wanasesere wanne wanaocheza Lizombe ni zawadi ambayo mtu wa Songea anayeishi mbali atainunua kwa moyo. Vivyo hivyo ngao ndogo ya mbao ya kutundika ukutani, kwa kumbukumbu ya Nduna Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Vijana nao wana ujuzi wa magari ya waya. Basi linalopita barabarani kila asubuhi, likitengenezwa kwa umakini na milango inayofunguka, huacha kuwa mchezo na kuwa bidhaa.

Usiuze mali ya mwenzako

Hapa wajasiriamali wengi huteleza. Kitu kinachopendwa mara nyingi kina mwenyewe.

Mfano uliotugusa Waswahili ni maneno "hakuna matata". Kampuni ya Disney ya Marekani iliyatumia katika filamu yake ya simba ya mwaka 1994, na mwaka 2003 ikapata huko Marekani usajili wa maneno hayo kama alama ya biashara ya mavazi. Mwaka 2018 zaidi ya watu laki moja walitia saini kwenye intaneti kupinga jambo hilo, wakisema lugha si mali ya kampuni. Usajili huo wa Marekani haumzuii mtu wa Mpitimbi kuyatamka. Lakini picha ya simba yule wa filamu ni kazi ya kampuni, na kuichonga au kuichora ili uuze ni kujitafutia kesi.

Hapa nchini ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kwa sheria hiyo, kazi ya mwandishi au mchoraji hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mchoro wa katuni wa gazetini, kwa mfano Kipanya, una mwenyewe aliye hai, hivyo ruhusa ni lazima. Nembo ya klabu ya mpira nayo ni hivyo hivyo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo miaka 50 ilitimia 2012, na fundi anaweza kuchonga wahusika wa kitabu chake Kusadikika kwa namna anavyowaona yeye.

Sungura na fisi hawana kampuni. Sanaa za jadi zina ulinzi wake katika sheria hiyo, na anayetaka kuzitumia kibiashara kwa kiwango kikubwa ni busara aulize kwanza Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Lakini hadithi ya bibi ikikupa wazo, na kazi ukaitengeneza kwa mkono na ubunifu wako, hujamwibia mtu.

Piga hesabu kabla ya kupanga bei

Kosa kubwa la wenye kazi za mikono ni kusahau kujilipa. Tuchukue mfano, kila mmoja aweke tarakimu zake.

Tuseme uzi na gundi vya mwanasesere mmoja ni Sh 300, kitambaa Sh 100, na sehemu yake ya nauli hadi Songea mjini Sh 200. Jumla Sh 600. Ikiwa kibarua cha shambani kinakulipa Sh 5,000 kwa saa nane, saa moja yako ni Sh 625. Kama mwanasesere anachukua saa nzima, gharama halisi ni Sh 1,225.

Anayeuza kwa Sh 1,000 akiona ameingiza "faida" ya Sh 400 anajidanganya. Amefanya kibarua kwa bei ya chini kuliko ya shambani. Akiuza kwa mwenye duka Sh 1,800, anabaki na Sh 575 juu ya ujira wake. Mkono ukizoea na kazi ikachukua nusu saa, gharama hushuka hadi kama Sh 913, na hapo ndipo faida inapoonekana.

Soko liko wapi

Usianze na wazo la watalii. Anza na walimu. Shule za awali na darasa la kwanza zinahitaji zana za kufundishia, na sungura na fisi mkononi mwa mwalimu hufanya hadithi ya kitabuni isikike hadi dawati la nyuma. Peleka jozi moja shuleni, mwalimu aitumie, uone.

Pili ni wageni wa Peramiho, ambako abasia na hospitali huleta watu wa mbali mwaka mzima. Tatu ni Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, hasa siku za kumbukumbu ya kila Februari 27. Nne ni Nanenane, inayokuja mara tu baada ya mavuno, wakati maganda ni mengi na mikono ina nafasi.

Jifunze pia kwa majirani. Neema Crafts ya Iringa ilianza mwaka 2003 na vijana watatu wasiosikia, ikawa maarufu kwa karatasi za kinyesi cha tembo. Kinyesi hakikuwa na bei; kazi ya mikono na habari yake ndivyo vilivyokipa bei. Nawe ambatanisha kikaratasi kidogo kwenye kila mwanasesere: jina lake, hadithi yake kwa mistari mitatu, na neno Mpitimbi.

Wanaotaka ushauri wa vifungashio na bei waende SIDO, ambayo ina ofisi Songea. Kikundi kilichosajiliwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza pia kuuliza halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani.

Hata hivyo tusidanganyane. Kazi hii haitachukua nafasi ya mahindi. Tengeneza kumi kwanza, uza, sikiliza wanunuzi wanasema nini, kisha ndipo uongeze. Wanasesere 40 kwa faida na ujira wa mfano wetu ni Sh 48,000. Si utajiri, lakini zaweza kutosha sare ya mtoto mmoja, na magunia ambayo yangeuzwa Julai kwa ajili ya sare hiyo yakabaki ghalani kusubiri bei ya Januari.