Fahamu Sakiti Zinazorekebishwa kwa Sumaku na Nafasi Yake Katika Tiba na Utafutaji wa Madini

Katika Hospitali ya Rubya, wilayani Muleba mkoani Kagera, kama ilivyo katika hospitali nyingine nchini, daktari huweka kifaa kifuani mwa mgonjwa ili asikilize mapigo ya moyo. Hata hivyo, sauti si ishara pekee inayotoka moyoni. Kila pigo huambatana na mkondo mdogo wa umeme, na palipo na mkondo wa umeme pana uga sumaku. Uga wa moyo ni dhaifu mno: uga wa dunia, unaogeuza sindano ya dira, una nguvu zaidi kwa takribani mara milioni moja. Uga wa ubongo ni dhaifu hata kuliko huo.

Miongoni mwa vifaa vyenye uwezo wa kupima ishara hizo ni sakiti za umeme zisizo na ukinzani. Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2025 ilitolewa kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis kwa utafiti wao kuhusu sakiti za aina hiyo. Kwa Mkoa wa Kagera suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa vifaa hivyo hutumika duniani pia kutafuta nikeli, madini yanayopatikana katika Wilaya ya Ngara.

Pete yenye viungo viwili

Mwaka 1911, mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes wa Uholanzi aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi nyuzi joto 269 chini ya sifuri, ukinzani wake hutoweka na umeme hupita bila kupotea. Mwaka 1962, Brian Josephson wa Uingereza alionesha kwa hesabu kwamba mkondo huo unaweza kuvuka hata tabaka jembamba la kihami lililowekwa kati ya metali mbili za namna hiyo. Miaka miwili baadaye, watafiti nchini Marekani waliunganisha viungo viwili vya Josephson katika pete moja. Kifaa hicho huitwa skwidi.

Jumla ya uga sumaku unaokatiza ndani ya pete huitwa fluksi. Fluksi inapoongezeka, volteji ya skwidi hupanda na kushuka kwa mpangilio unaojirudia, na kila mzunguko mmoja ni sawa na kipimo kimoja cha asili kisichobadilika. Kipimo hicho ni kidogo sana: katika uga wa dunia, fluksi ya kiasi hicho hupita katika eneo linalokaribiana na ukubwa wa chembe moja nyekundu ya damu.

Kupima na kukuza ishara

Upimaji wake hufanana na mizani ya kahawa. Mpimaji huongeza mawe upande mmoja hadi mizani isimame sawa, kisha husoma uzito wa mawe hayo. Vivyo hivyo, koili ndogo iliyo kando ya skwidi hupeleka fluksi ya kufidia ile iliyoingia kutoka nje, na kiasi cha fidia ndicho kipimo chenyewe.

Pete hiyo hiyo hutumika pia kukuza ishara. Redio hunasa stesheni kwa kurekebisha koili au kapasita yake. Skwidi hufanya kazi kama koili ambayo thamani yake hubadilishwa kwa fluksi, hivyo sakiti nzima huhamishwa kutoka masafa moja hadi mengine. Fluksi ikichezeshwa mara mbili kwa kila mtetemo wa ishara, ishara hukua, kama mtoto anavyoongeza mwendo wa bembea kwa kusimama na kuchuchumaa kwa wakati unaofaa. Vikuza ishara vya aina hii huongeza kelele kidogo sana, na ndivyo vinavyotumika kusoma kompyuta za kwanta.

Nikeli ya Kabanga na ramani ya miamba

Januari 2021, Serikali ilisaini makubaliano kuhusu mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, yaliyowezesha kuundwa kwa Kampuni ya Tembo Nickel ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16. Aidha, kupitia Dira ya 2030 ya Sekta ya Madini, Serikali imelenga kuongeza eneo lililofanyiwa utafiti wa kina wa jiofizikia kwa ndege kutoka asilimia 16 hadi asilimia 50 ya nchi.

Mashapo ya nikeli yenye salfa hupitisha umeme vizuri. Watafiti hutandaza waya mrefu ardhini, hupitisha mkondo, kisha huukata ghafla. Mikondo inayozuka ndani ya mashapo huchelewa kufifia, na uga wake hubadilika polepole. Koili ya kawaida hupima kasi ya mabadiliko, kwa hiyo husikia kidogo. Skwidi hupima uga wenyewe, hivyo huweza kutambua mashapo yaliyo chini zaidi.

Skwidi za niobiamu huhitaji heliamu kimiminika, gesi ambayo uwepo wake katika Bonde la Rukwa ulitangazwa mwaka 2016. Nyingine, zilizowezekana baada ya ugunduzi wa miaka ya 1980, hupozwa kwa naitrojeni kimiminika yenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, inayotengenezwa kutokana na hewa, na hivyo ni rahisi zaidi kutumika porini.

Hata hivyo, kipimo si uthibitisho. Miamba yenye grafiti nayo hupitisha umeme na huweza kutoa ishara inayofanana na ya nikeli. Uchorongaji na uchambuzi wa sampuli katika maabara ndio unaoonesha kilichopo na kiasi chake. Kwa hiyo, mwananchi anayeona waya wa utafiti umepita karibu na shamba lake aelewe kwamba upimaji unaendelea, wala hiyo si dalili kwamba mgodi umepatikana. Kuuza au kununua ardhi kwa matarajio hayo kabla ya matokeo rasmi kutangazwa kunaweza kumletea hasara.