Pakiti Ipoteapo Njiani

Mwalimu wa sekondari mjini Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, aweza kutuma barua fupi kwa kompyuta bila taabu, lakini faili la alama za wanafunzi likakwama. Aghalabu hulaumiwa mvua. Je, ni haki?

Habari za intaneti husafiri katika pakiti. Etheneti ya kawaida huruhusu pakiti isiyozidi baiti 1,500. Njiani pakubwapo kikomo kidogo zaidi, ruta hurudisha onyo. Onyo likizuiwa, faili hukwama kimya.

Programu ya ping, iliyotungwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, hukipima kikomo hicho kwa pakiti isiyoruhusiwa kukatwa. Anwani na alama za usafiri hutwaa baiti 28; hivyo mzigo mkubwa kabisa ni 1,472.

Hapa pana mtego. Pakiti moja ikipotea, haijathibitika kuwa ilizidi kipimo; huenda waya umelegea. Basi zitangulie pakiti ndogo ishirini. Zikipotea baadhi, kasoro ni ya njia yenyewe, nayo irekebishwe kwanza. Zikifika zote, na kubwa zikapotea zote, tatizo ni ukubwa. Mzigo wa 1,464 ukipita kila mara na 1,465 ukikwama kila mara, kikomo ni 1,492: mara nyingi baiti nane zimetwaliwa na mtindo wa kuunganisha uitwao PPPoE. Kompyuta ikipangiwa 1,492, alama zitafika.

Mvua isihukumiwe kabla ya kupimwa.