Developa, Acha Kutupa Faili Ovyo Kwa Kompyuta Ya Mtu

Wewe unayeunda programu pale Kisauni ama Likoni, fungua folda ya home kwa Linux, onyesha faili zilizofichwa. Noma! Kila programu imetupa yake popote, kama matatu ya Changamwe inayoshusha watu katikati ya barabara na steji iko hapo mbele.

Tangu 2003 kuna utaratibu unaitwa XDG: mipangilio ikae ~/.config, data ~/.local/share, vitu vya muda ~/.cache. Si sheria, hakuna karao atakushika. Lakini ufuate tu. Mtu akibadilisha kompyuta, anabeba mipangilio yote kwa flashi mara moja. Diski ikijaa, anafuta keshi bila presha.

Programu yako ni ya kitambo? Iache isome pale pa zamani pia, usivunjie watu kazi.